Kadi Yenye Nafasi ya Mke Mmoja

Benta alijua Pamela ametoka hospitali kabla hata hajamwona. Alimjua kwa harufu. Haikuwa harufu ya dawa, maana hiyo Benta mwenyewe aliijua vizuri. Ilikuwa ya ile sabuni ya maji ya kubonyeza ukutani, na kwa jinsi ilivyokuwa kali, lazima Pamela alinawa nayo mara mbili tatu ili ifike naye nyumbani. Akapita katikati ya boma na mfuko wa kaki mkononi, jina la hospitali likitazama upande wa nyumba ya Benta.

"Mikayi, habari ya mchana."

"Mzuri. Umepona?"

"Ilikuwa kikohozi tu."

Kikohozi tu. Benta alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe, na mikono yake haikusimama. Lakini kwa jicho la kushoto, ambalo bado lilikuwa linaona, alipata kila kitu: chupa mbili za dawa, kitambaa kipya cha kichwa, na viatu visivyo na vumbi, maana yake alishushwa na gari hadi langoni. Kikohozi cha Pamela kilikuwa kimepelekwa Homa Bay, kikapimwa, kikapigwa picha ya kifua, kikapewa chai. Jicho la kulia la Benta lilikuwa na miezi kumi na mitano likingoja.

Boma lenyewe ni la Javan Obare, nje kidogo ya Suna, pale lami inapoisha na udongo mwekundu unaanza. Javan ni dereva wa lori la mchanga katika kampuni ya ujenzi kule Homa Bay. Huja nyumbani Jumamosi, akarudi kazini Jumapili baada ya kanisa. Benta ndiye mikayi, yaani mke wa kwanza, na nyumba yake imetazamana na lango kama Waluo wanavyotaka, ili kila anayeingia akutane kwanza na mlango wake. Pamela ndiye wa pili. Aliletwa kutoka Lambwe miaka minane iliyopita, akajengewa kando. Hawakuwa watu wa kugombana. Walisalimiana, walikopeshana chumvi, na mtoto wa mmoja akilia mwingine alimbeba. Ukiwaona kanisani ungesema ni dada.

Ila Benta alikuwa mtu wa kuangalia. Pazia jipya la Pamela alilijua siku ile ile lilipotundikwa. Godoro lilipokuwa likishushwa, alisimama na ufagio wake akaupima unene wake kwa macho, na ule usiku akaligeuza lake upande wa pili ili lisionekane limebonyea, ingawa hakuna mtu wa kuliona. Mambo hayo yote aliyameza. Kadi ndiyo ilikataa kumezeka.

Kampuni ilikuwa imewakatia madereva wake bima ya kwenda hospitali za binafsi. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa mke na minne ya watoto. Mwaka ule Pamela alikuwa na mimba, na Javan akaandika Pamela.

"Ni ya mwaka mmoja tu, mama Liz," alimwambia Benta. Liz ndiye kifungua mimba wao, ameolewa Kegonga. "Akishajifungua nitabadilisha."

Mwaka ukaisha. Mimba ikawa mtoto, mtoto akaota meno, akaanza kwenda nasari na mkoba mgongoni, na jina la Pamela likabaki pale pale.

Hata hivyo Benta angeweza kuishi na hilo kama jicho lake lisingemgeuka. Yeye ni mwuzaji wa viazi vitamu katika soko la Migori, mwaka wa kumi na tisa sasa. Fungu lake lilijulikana kwa kupangwa: vikubwa chini, vya wastani katikati, na kile kizuri kuliko vyote juu, kama kofia. Mwanzo alifikiri ni moshi wa jikoni umemkaa machoni. Halafu siku moja mteja akacheka, akamwambia, "Mama, leo umeweka kilichooza juu." Benta akakitazama kile kiazi na hakuona kuoza popote. Akakigusa, kidole kikazama.

Hospitali ya serikali walimwambia ni mtoto wa jicho. Daktari mwenyewe, mwanamume mmoja mwenye sauti nzito inayoburuta maneno, alimtuliza. "Inatolewa, mama. Si kazi kubwa." Akaandikiwa kwenye daftari la shule la kurasa thelathini na mbili, ambalo mgonjwa hujinunulia dukani, tarehe ya kurudi. Akarudi. Lenzi zilikuwa hazijaletwa. Akarudi tena, daktari alikuwa kwenye mkutano. Mara ya tatu kulikuwa na mgomo, mara ya nne stima ilipotea wakati amebakiza watu wawili mbele yake. Benta alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini neno moja kwenye daftari lile alilisoma bila shida, maana lilikuwa limeandikwa kila ukurasa: rudi.

Na sasa jicho la kushoto nalo lilikuwa limeanza kuvuta ukungu kwenye kona.

Jumamosi ile baada ya kikohozi, Javan alikula nyumbani kwa Benta, na Pamela akaja na bakuli la samaki kama ilivyo desturi. Benta alikuwa ameamua kutosema kitu. Alisema walipofika katikati ya ugali.

"Walinirudisha tena juzi."

"Pole," Javan akasema. "Hawa watu."

"Hospitali ya serikali ni ya bure," Pamela akasema, akitoa mwiba mdomoni. Hakusema kwa ubaya. "Kitu ya bure lazima ungoje."

"Bure?"

"Si serikali ndiyo inalipa. Na serikali inatoa wapi? Inakata watu wa mshahara. Sisi wa nyumbani hatulipi kodi, mikayi, tusidanganyane."

"Hapo nyar Lambwe amesema ukweli," Javan akasema. Alipenda kumwita hivyo, binti wa Lambwe, na kila alipomwita hivyo Benta alisikia kitu kikimkwaruza kifuani. "Mimi wananikata kodi, wananikata bima ya serikali, wananikata ya kujenga nyumba za serikali. Na sijawahi kulala kwa kitanda yao hata siku moja."

Benta akasukuma sahani kando polepole.

"Maxwell wa ushuru," alisema, "ananifikia saa moja asubuhi, kabla sijauza hata fungu moja. Anabonyeza ile mashine yake, inatema karatasi. Nikiuza nalipa. Nikinyeshewa nirudi na viazi zote, nimelipa. Hiyo chumvi uko nayo kwa ulimi, dukani imekatwa kodi. Nani aliinunua?"

Javan akaitazama chumvi.

"Na hiyo maneno ya kusema hujalala kwa kitanda yao, hapo ndipo shida iko. Nyinyi watu wa kadi mkiugua mnaenda mahali kuna chai. Sasa nani mwenye sauti atauliza kwa nini lenzi hazijaletwa? Mimi nikiuliza naambiwa, mama, kaa kwa laini."

"Kwani unataka nifanye nini, mama Liz?"

"Andika jina langu."

Pamela aliacha kutafuna. Javan akanawa mikono ingawa ugali ulikuwa bado. "Jina linabadilishwa mara moja kwa mwaka," alisema, "na wanafunga mwisho wa mwezi huu wa tatu. Tutaangalia."

Benta alilijua neno hilo. Ni ndugu wa tumbo moja na "rudi".

Na tuseme ukweli kama ulivyokuwa moyoni mwake. Kama boma lote lingekuwa linapanga foleni, Benta angepanga. Foleni hakuiogopa, maisha yake yote yalikuwa foleni. Kilichomchoma ni kulala akijua kwamba, hatua arobaini kutoka kitandani kwake, kuna mtu ambaye mafua yake yana thamani kuliko macho yake. Alifikiri hivyo akioga, alifikiri hivyo akipanga viazi. Akimwona Pamela anaanua nguo, alifikiri: hata akijidunga sindano kidoleni, ana mahali pa kwenda.

Halafu mvua ikaja.

Ilinyesha siku tatu mfululizo, mvua nzuri ya kupandia, na upande wa pili wa ua, Boaz, mdogo wake Javan, akaanza kupanda mahindi na mke wake. Katika boma la Javan hakuna aliyepanda. Kwa Waluo mbegu ya kwanza huingia ardhini kwa mkono wa mikayi. Baada yake ndipo wa pili apande, kisha wana walio na nyumba zao. Ukimruka, watu wanasema boma litaona mabaya, na hata wanaoimba kwaya na kutoa fungu la kumi hawajaribu kuona kama ni kweli.

Benta aliamka, akachukua viazi vyake, akaenda soko. Kesho yake vile vile. Siku ya nne Boaz akamvizia langoni.

"Shemeji, udongo umelowa vizuri."

"Nimeuona."

"Jirani wamemaliza. Mahindi yangu karibu ichungulie."

"Hongera."

"Sasa shemeji, mbegu si iko? Javan alileta."

"Mbegu iko, Boaz. Macho ndiyo hayako. Nitaonaje shimo? Nikitupa mbegu nje ya shimo, ndege waile, mtasema mikayi amelaani shamba. Nangoja nitibiwe, ndio nipande."

Boaz alimtazama, akaelewa yote mara moja. Akaanza kucheka, akajizuia, akaondoka akiwa ameshika simu sikioni.

Jumamosi Javan alikuta shamba tupu. Alizunguka mipaka yake mara mbili kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Akaomba, akafoka, akamwambia Benta kwamba hii ni karne nyingine na anaweza kumwambia Pamela apande tu. "Mwambie," Benta akasema. Javan akatazama nyumba ya Pamela, akatazama mawingu, akakaa chini.

Jioni Pamela alikuja peke yake. Hakuwa na bakuli. Alisimama kwenye kizingiti kama mgeni.

"Mikayi, unaniua njaa na watoto."

"Mimi mgonjwa tu. Sijamkataza mtu."

"Usinichezee." Pamela akaketi bila kukaribishwa. "Wewe unafikiri ni wewe tu unajua kuumia. Unajua mimi huona nini nikifungua mlango wangu? Naona mlango wako. Kupanda, wewe. Kuvuna, wewe. Hata kuonja mahindi mabichi nangoja uonje. Mama yake Javan akija anashukia kwako, mimi naitwa kusalimia. Hapa boma yote kitu moja tu ndiyo ilianza na mimi, na ni hiyo kadi. Sasa na hiyo unaitaka."

Benta hakutegemea hilo. Kwa miaka minane hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwenye godoro nene angeweza kumwonea wivu yeye. Lingekuwa jambo la kumsikitisha, na labda kidogo lilimsikitisha. Lakini kwa sehemu kubwa lilikuwa tamu, kama sukari iliyobaki chini ya kikombe. Alilishika mdomoni.

"Kwa hivyo unanionea wivu," alisema, ili alisikie tena.

"Naonea nafasi yako. Wewe kama wewe, na hicho kitambaa chako cha zamani, hapana."

Wote wawili walikaribia kucheka. Hakuna aliyemaliza.

"Jicho la pili limeanza," Benta akasema. "Likifunga, sitaona hata mlango wako."

Pamela akachora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu. Kisha akainuka, akapangusa nguo. "Sitamwambia akuandike," alisema. "Lakini akiniuliza, sitakataa."

Tarehe ishirini na nane Javan alituma ujumbe wa simu kutoka Homa Bay. Jina lilikuwa limebadilishwa. Benta alimwambia Boaz amsomee ujumbe, halafu akampa na mwanafunzi wa jirani ausome, kuhakikisha Boaz hajamficha kitu. Wote walisoma Benta.

Kesho yake alfajiri alipanda. Alipapasa mashimo kwa vidole vya miguu, akidondosha mbegu na kufunika, na alipofika mwisho wa mistari yake akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kutosha kuvuka boma, "Haya, nyar Lambwe." Pamela alitoka na kamba. Yeye alikuwa wa kupanda kwa kamba, vigingi viwili na uzi katikati.

Hospitali ya Homa Bay ilikuwa na yote. Sabuni ilikuwepo ukutani, na Benta alinawa mara tatu. Chai ililetwa, na ilikuwa na maziwa mengi kuliko Pamela alivyosema, jambo lililomuudhi, maana inaonekana Pamela alikuwa amemfichia. Viti vilikuwa laini na watu sita tu wamevikalia. Akaitwa jina lake lote, akapelekwa chumba chenye baridi, na mtu akamwambia tazama juu.

Benta hakumwona sawasawa. Lakini ile sauti iliburuta maneno.

"Inatolewa, mama. Si kazi kubwa."

Benta akainua kichwa. "Daktari, wewe si ndiye ulikuwa kwa mkutano?"

Mtu yule akashusha tochi yake. Muuguzi alikuwa akimwita daktari Bogonko, na daktari Bogonko akacheka kicheko cha mtu aliyekutwa. "Kule niko Jumatatu na Jumatano. Hapa ni Alhamisi."

"Na ni mkono huo huo utanipasua?"

"Ni huo huo."

"Sasa kule ulishindwa na nini?"

"Kule sina lenzi, mama. Hapa ziko kwa sanduku." Akasema polepole, bila mzaha, "Hata mimi ningependa kukufanyia kule. Ningekuwa nimemaliza mwaka jana."

Benta akalala chali, akawaza. Miezi kumi na mitano alikuwa amemwonea Pamela wivu wa daktari bora, daktari wa watu wa kadi, na kumbe walikuwa wakigawana huyo huyo mmoja kama wanavyogawana Javan, ila yeye Benta ndiye alikuwa akipata siku ambazo mkono ni mtupu. Alitaka kukasirika zaidi, lakini wakamwambia asitikisike.

Siku ya pili bandeji ilitolewa. Wiki mbili baadaye alirudi soko, na Maxwell alipomtolea karatasi ya ushuru, Benta aliishika mbele ya jicho lake jipya akaisoma tarakimu moja moja, mpaka Maxwell akauliza kama kuna makosa. "Hakuna," alisema. "Nilikuwa tu sijawahi kuiona."

Lakini kuona nako kuna mambo yake. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, na kutoka mlangoni mwake sasa aliyaona yote. Yake yalikuwa yamepinda kama watu waliotoka kilabuni. Mengine mawili shimo moja, mahali pengine hakuna kitu. Ya Pamela yalikuwa yamenyooka. Yalikuwa yamenyooka hata yakitazamwa kwa mbali, kijani cha kukolea, na kila aliyepita njiani aliangalia ya Pamela.

Mwezi wa tano Pamela akapata uvimbe kwenye titi. Kadi haikuwa tena na jina lake. Alikuja kwa Benta asubuhi na mapema, akasimama pale pale kizingitini.

"Kule kwa serikali, mtu huanzia wapi?"

Benta alimtazama kwa macho mawili. Angeweza kusema, hospitali ya bure lazima ungoje. Sentensi hiyo alikuwa ameitunza tangu mwezi wa tatu, imeiva. Lakini aliuona ule mkono wa Pamela ulivyoshikilia kifua juu ya nguo, bila mwenyewe kujua kwamba umekishikilia.

"Fika saa kumi na moja," alisema. "Usifuate wale wanapanga laini kubwa, hiyo ni ya kuchukua dawa. Pita kwa dirisha la kijani. Beba kiti. Nunua daftari, na uandike jina mwenyewe, wao huandika vibaya." Akaingia ndani, akatoka na kibao chake kidogo cha soko, kile cha kukalia, akampa. Hakuwa amewahi kumwazima mtu kibao kile.

Siku nzima Benta hakuuza vizuri. Alirudi mapema, akaketi mlangoni akitazama lango, akijiambia anangoja kibao chake. Na alishtuka kuambiwa na watoto kwamba Pamela yuko nyumbani tangu saa tano.

"Walikurudisha?" alimwuliza, amevuka boma karibu mbio.

"Hapana. Nimeonwa." Pamela alikuwa amekaa, uso umelegea kama mtu aliyetua mzigo. "Ni jipu tu, lilijaa usaha. Wametoa, wamenipa dawa. Muuguzi ni mtu wa kwetu Lambwe, alisoma na dada yangu. Saa nne nilikuwa nimemaliza."

"Dawa walikuwa nayo?"

"Yote. Sijatoa hata shilingi. Mikayi, mlikuwa mnasema nini hiyo hospitali? Ni mzuri."

Benta alifurahi kwamba si ugonjwa ule mwingine. Alifurahi kweli, hata akaketi bila kukaribishwa. Lakini alipokwisha kuketi, lile lingine likapanda polepole. Saa nne. Yeye miezi kumi na mitano, Pamela masaa matano. Miaka kumi na tisa ya Maxwell na waliomtangulia Maxwell, mvua na jua, karatasi juu ya karatasi, na aliyeenda kuula ushuru wake wote kwa asubuhi moja ni nyar Lambwe.

Akachukua kibao chake, akakiweka kwapani. Alikuwa ameshafika katikati ya boma alipogeuka.

"Na chai? Walikupa chai?"

"Chai wapi, mikayi. Hata maji ya kunywa nilijibebea."

"Mm," Benta akasema, na akaenda zake akiwa amepata nafuu kidogo.